Likizo ya wawili: Kutoka Moshi hadi Unguja kwa treni na boti

Na Mwandishi Wetu, Moshi

KILA inapokaribia Krismasi, barabara itokayo Dar es Salaam kuelekea Kilimanjaro hufurika mabasi na magari madogo ya Wachagga wanaorudi nyumbani. Jambo hilo limezoeleka kiasi cha kufanyiwa utani nchi nzima.

Lisilozungumzwa sana ni likizo ya wale wasio na pa kurudi, kwa sababu hawajaondoka. Mume na mke wanaofanya kazi Moshi mjini, huku kwao kukiwa Marangu, Kibosho, Machame au Old Moshi, wako umbali wa nauli ya daladala kutoka kihambani.

Kwa watu hao likizo huisha kabla haijaanza. Siku huliwa na ukarabati wa nyumba ya wazazi, vikao vya ukoo, kipaimara cha mtoto wa shemeji, harusi na misiba. Wakirejea kazini huwa wamechoka kuliko walivyoondoka, na hawajapata hata jioni moja ya kukaa wawili.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo. Watumishi wa umma nao wana utaratibu wa kulipwa nauli ya likizo kila baada ya miaka miwili, na nauli hiyo hupigiwa hesabu ya kwenda nyumbani kwa mtumishi. Kwa maneno mengine, hata taratibu zetu za kazi zinachukulia kwamba likizo maana yake ni kurudi kwenu.

Makala haya yanaeleza njia nyingine, ambayo wazee wa Moshi waliijua, watoto wao wakaikosa na sasa imefunguka tena: kupanda treni Moshi jioni, kulala njiani na kuivuka bahari hadi mji mkuu wa visiwa vya Zanzibar.

Reli iliyolala na kuamka

Ujenzi wa reli ya kaskazini ulianzia Tanga mwaka 1893, enzi za Wajerumani. Kazi ilikwenda kwa kusuasua, ikasimama na kuanza tena, hadi njia ilipofika Moshi mwaka 1911, umbali wa kilomita 352 kutoka Tanga. Sehemu ya kutoka Moshi hadi Arusha ilikuja baadaye, enzi za Waingereza, mwishoni mwa miaka ya 1920.

Kwa miaka mingi reli hiyo haikuwa na uhusiano na Reli ya Kati iendayo Kigoma na Mwanza. Mzigo wa kahawa ulishuka Tanga, na msafiri wa Dar es Salaam alilazimika kutafuta njia nyingine. Mwaka 1963, miaka miwili baada ya Uhuru, kipande cha takriban kilomita 190 kiliunganisha reli hizo mbili kati ya Ruvu, mkoani Pwani, na eneo la Mnyusi, wilayani Korogwe. Ndipo Moshi na Dar es Salaam zilipounganishwa kwa reli.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika la pamoja la reli lilivunjika nayo na Tanzania ikaunda Shirika la Reli Tanzania (TRC). Vichwa vya treni na mabehewa vilizidi kuchakaa huku barabara zikiboreshwa na mabasi yakiongezeka. Katika miaka ya 1990 treni ya abiria ya kaskazini ilisimama.

Matokeo yake, kizazi kizima cha vijana wa Moshi kilikua kikiiona stesheni bila kuiona treni ya abiria. Nyasi ziliota kwenye reli, na baadhi ya maeneo kando ya njia yakageuka kuwa vibanda vya biashara na mashamba ya mahindi.

Mwaka 2007 reli ilikabidhiwa kwa ubia uliohusisha kampuni ya RITES ya India, lakini mpango huo haukudumu. TRC ilirudi kwa sheria mpya ya mwaka 2017, na kazi ya kufyeka na kukarabati njia ya kaskazini ikafuata. Treni ya mizigo ilitangulia Julai 2019. Desemba 6, 2019, treni ya abiria ikaondoka Dar es Salaam kwenda Moshi kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya miaka 20. Oktoba 2020 huduma hiyo ikafikishwa Arusha.

Wenzetu wa Ulaya na treni iliyopanda meli

Likizo ya treni na meli si jambo geni duniani. Wakati wa kiangazi cha Ulaya, kati ya Juni na Agosti, mume na mke wa Ujerumani hupanda treni hadi bandarini na kuvuka kwa feri kwenda Stockholm au Helsinki. Feri ya Tallinn hadi Helsinki, ambayo ni miji mikuu ya Estonia na Finland, huchukua takriban saa mbili kuvuka umbali wa kilomita 80 hivi. Huo ni muda na umbali unaokaribiana na wa boti yetu ya Dar es Salaam na Unguja.

Safari iliyosifika zaidi ilikuwa ya Hamburg hadi Copenhagen, mji mkuu wa Denmark. Treni yenyewe iliingia ndani ya meli katika bandari ya Puttgarden, ikavushwa kwa dakika 45 na kutokea Rødby upande wa pili. Njia hiyo ilifunguliwa mwaka 1963, mwaka uleule reli yetu ya kaskazini ilipounganishwa na ya Kati.

Desemba 2019 treni hiyo iliacha kupanda meli, kwa kuwa nchi hizo zinajenga njia ya chini ya bahari na treni zikaelekezwa kwingine. Mwezi huohuo ndipo treni ya abiria iliporudi Moshi. Wao walifunga njia yao kwa sababu wanajenga iliyo bora zaidi. Ya kwetu ilikuwa imekufa kwa kukosa matunzo.

Juni ni bora kuliko Desemba

Swali la kwanza kwa wanaotaka kusafiri ni lini. Shule hufungwa Juni na Desemba, na wengi hufikiria Desemba. Kwa safari hii, Juni na Julai vina faida zake.

Miezi hiyo miteremko ya Kilimanjaro hugubikwa na mawingu na baridi. Kuna siku mlima hauonekani kabisa, na watu wa Marangu hawaachi makoti hadi mchana. Pwani wakati huo mvua za masika zimekwisha na joto limepungua. Anayetoka kwenye baridi ya mlimani hupokewa na hali ya hewa ya wastani, si lile fukuto la Februari.

Desemba, kwa upande mwingine, ni mwezi ambao kila chombo kina kazi. Treni hujaa watu wanaokuja Moshi, na Unguja hujaa wageni wa mwisho wa mwaka wanaopandisha bei za vyumba.

Jambo moja ni la kuangaliwa kwenye kalenda, nalo ni Mwezi Mtukufu wa Ramadhani, ambao husogea nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka. Zanzibar kula hadharani mchana wa Ramadhani ni kosa, na migahawa mingi ya wenyeji hufungwa hadi magharibi. Wasiofunga ni vema wachague mwezi mwingine.

Usiku ndani ya behewa

Safari ya reli kutoka Moshi hadi Dar es Salaam ni ya zaidi ya kilomita 500 na huchukua usiku mzima. Treni haitembei kila siku, na ratiba yake hubadilika kulingana na msimu na hali ya njia. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kwenda stesheni ya Moshi au kuwasiliana na TRC na kuthibitisha siku na saa kabla ya kuomba likizo kazini. Mwenye kuanza na likizo, kisha akaitafuta treni, hujikuta kwenye basi.

Kuna behewa za daraja la tatu, za daraja la pili kukaa na za daraja la pili kulala. Huduma iliporejea mwaka 2019, nauli zilizotangazwa kati ya Dar es Salaam na Moshi zilikuwa Sh16,500 kwa daraja la tatu, Sh23,500 kwa daraja la pili kukaa na Sh39,100 kwa daraja la pili kulala. Anayesafiri sasa aulize nauli ya siku hiyo, lakini uwiano huo unamsaidia kupanga.

Hapa kuna jambo ambalo wanandoa wengi hulijua wakiwa wameshafika kwenye behewa. Chumba cha kulala cha daraja la pili kina vitanda sita, na kwa desturi ya muda mrefu ya reli yetu, wanaume hulala chumba chao na wanawake chao. Mume na mke waliokata tiketi mbili za kulala wataagana mlangoni na kuonana asubuhi.

Njia ya kuepuka hilo ni kununua chumba kizima. Kwa nauli za mwaka 2019, vitanda sita vilikuwa Sh234,600, fedha nyingi kwa watu wawili. Lakini wanandoa watatu waliopanga safari pamoja hukijaza chumba bila kulipia kitanda kitupu, na kila wawili hulipa Sh78,200 tu. Marafiki wa jumuiya ndogondogo, kwaya au kikundi cha kukopeshana wanaweza kulipanga hilo kwa urahisi.

Treni ikiacha Moshi na kupita Kahe, anayetaka kuuona mlima akae upande wa kushoto na kutazama nyuma. Jioni isiyo na mawingu, Kibo yenye theluji na Mawenzi yenye meno huonekana zikipungua taratibu, jambo ambalo dirisha la basi liendalo kasi halilitoi. Baadaye safu ya milima ya Upare hufuatana na reli upande huohuo kupitia Same, Makanya na Hedaru, kisha milima ya Usambara kuelekea Mombo na Korogwe. Sehemu hiyo ya pili kwa kawaida hupitwa usiku.

Kwa nini mtu avumilie usiku mzima wakati basi humfikisha kwa saa chache zaidi ya nane? Jibu moja ni usalama. Barabara hiyo ya kaskazini imeua wengi. Juni 28, 2025 basi na basi dogo viligongana eneo la Sabasaba wilayani Same na kuwaka moto, na makumi ya watu wakapoteza maisha. Reli nayo haina kinga kamili, kwani ajali ya treni ya abiria mkoani Dodoma Juni 24, 2002 iliua watu 281. Lakini katika treni dereva hashindani na mwenzake kwenye kona.

Kutoka behewani hadi bandarini

Faida nyingine ya treni huonekana asubuhi. Mabasi ya mikoani siku hizi huishia Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, pembezoni kabisa mwa Jiji, na kutoka hapo hadi bandarini ni safari nyingine ya foleni. Treni humsogeza abiria karibu zaidi na katikati ya Jiji, na kipande kinachobaki humalizwa kwa bajaji au teksi.

Boti za Unguja huondokea kando ya barabara ya Sokoine, mkabala na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Zipo za kampuni zaidi ya moja na huondoka mara kadhaa kwa siku, ya kwanza asubuhi na ya mwisho alasiri.

Kosa la kuepuka ni kukata tiketi ya boti ya asubuhi ileile treni inapotarajiwa kufika. Treni ikichelewa saa tatu, boti haitasubiri. Busara ni kulenga boti ya alasiri na kutumia saa zilizobaki kuoga na kula. Wakati wa kurudi, boti ipandwe siku moja kabla ya treni.

Tiketi ya boti hukatwa kwa jina, hivyo kila msafiri abebe kitambulisho. Mtanzania hahitaji pasipoti kuingia Zanzibar, na bima ya safari iliyoanzishwa Zanzibar Oktoba 2024 inawahusu wageni kutoka nchi za nje. Tiketi ikatwe kwenye ofisi ya kampuni au kwa njia zake rasmi, si kwa vijana wanaomkimbilia msafiri mwenye begi.

Bahari na hofu ya mtu wa mlimani

Mchagga akifika gatini hukutana na jina analolijua. Boti za kasi za kampuni ya Azam Marine huitwa Kilimanjaro na hutofautishwa kwa namba. Zimetengenezwa Australia, zina maumbo pacha mawili yaliyounganishwa kwa sitaha, na huvuka kwa takriban saa mbili.

Jina hilo halimalizi hofu, na hofu hiyo ina msingi. Septemba 10, 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa imepakia watu kupita kiasi, na mamia ya watu walikufa. Haukupita mwaka. Julai 18, 2012 MV Skagit iliyotoka Dar es Salaam ilipinduka karibu na kisiwa cha Chumbe, na watu zaidi ya 100 wakafa au kutoonekana tena.

Tarehe ya ajali hiyo ya pili ina funzo kwa msafiri wa likizo ya katikati ya mwaka. Juni, Julai na Agosti ni msimu wa upepo wa kusi, uvumao kutoka kusini na kuinua mawimbi katika mkondo wa Unguja. MV Skagit ilikuwa chombo kilichojengwa kwa ajili ya abiria wa maji tulivu ya pwani ya jimbo la Washington, Marekani, nayo ilikutana na kusi ikiwa imejaa.

Kwa hiyo msafiri afanye mambo matatu. Kwanza, asikilize taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), ambayo hutoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa. Pili, akiona chombo kimejaza watu kupita viti vyake, asipande. Nauli iliyopotea hutafutwa tena. Tatu, akipanda ajue jaketi la kuokolea maisha lilipo kabla hajatafuta mahali pa kuweka mzigo.

Ama kichefuchefu cha bahari, mtu wa mlimani akitarajie tu. Ale kidogo saa chache kabla, akae sehemu ya nyuma katikati ambako chombo huyumba kidogo, na atazame upeo wa bahari badala ya simu.

Siku nne za Unguja

Mji Mkongwe uliingizwa na Unesco katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na uko hatua chache kutoka bandarini. Jumba la Beit el Ajaib, lililokuwa alama ya mji, liliporomoka sehemu Desemba 25, 2020 wakati wa ukarabati na kuua watu, kwa hiyo msafiri asitegemee kulikuta kama lilivyo kwenye picha za zamani.

Mkunazini kuna Kanisa Kuu la Anglikana, lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Kwa mtu wa Kilimanjaro historia hiyo haiko mbali. Misafara ya pembe za ndovu na watumwa iliyotoka pwani kupitia bonde la Pangani ilifika kwa watawala wa Kichagga, na waliochukuliwa huko bara waliuzwa katika masoko kama hilo.

Safari ya mashamba ya viungo nayo ina ladha ya pekee kwa mtoto wa mkulima wa kahawa. Atakuta karafuu ikianikwa juani kama kahawa ya maganda, na atasikia habari za bei na shirika la Serikali linalonunua zao, akakumbuka mazungumzo ya baba yake kuhusu KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichoanzishwa Moshi mwaka 1933.

Jioni ni ya Forodhani. Urojo, mishikaki, pweza na maji ya miwa huuzwa hapo jua likizama, na mtu hahitaji hoteli ya kitalii kuifurahia. Ni vema kuuliza bei kabla ya kula na kuvaa mavazi ya heshima unapopita mitaani.

Funzo la Bububu

Kabla ya kurudi, inafaa kupanda daladala hadi Bububu, kaskazini mwa mji. Wageni wachache wanajua kuwa Unguja nayo iliwahi kuwa na reli. Ilijengwa na kampuni ya Wamarekani na kuanza kazi mwaka 1905, ikitoka Ngome Kongwe hadi Bububu, umbali wa takriban kilomita 11. Treni ilipita kwenye vichochoro finyu, karibu kabisa na milango ya nyumba za watu.

Barabara ilipotengenezwa na magari yakaongezeka, abiria waliihama. Katika miaka ya 1920 treni hiyo iliacha kubeba watu, kisha ikatoweka kabisa. Anayetembea leo kutoka Ngome Kongwe haoni chochote kinachomwambia kuwa hapo palikuwa na stesheni.

Reli ya Moshi ilikaribia mwisho huohuo, ikarudishwa. Haitabaki kwa sababu ya hotuba za siku ya uzinduzi. Itabaki ikiwa njia itakarabatiwa baada ya kila masika, ratiba ikiheshimiwa, na watu wa Moshi wakiwa na sababu ya kuipanda zaidi ya Krismasi.

Mume na mke wanaoamua Juni hii kuuacha ukoo kwa wiki moja hawafanyi kosa. Kihamba kitakuwapo wakirudi, na vikao pia. Jambo la kuwahi ni tiketi.